Maswali ya Wasomaji: Gari lilelile, trela lilelile, bahari katikati

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani na Ulaya, na karibu zote zinahusu kuvuta trela kwa gari dogo. Tumezijibu kwa mpangilio zilivyotufikia, isipokuwa ya kwanza, ambayo tumeitanguliza kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi niko Ujerumani na dada yangu yuko Ohio. Sote tuna Toyota RAV4 ya haibridi, kizazi cha tano, inayosukuma magurudumu yote manne. Kitabu cha gari lake kinamruhusu kuvuta pauni 1,750, ambazo ni kilo 794. Changu kinaniruhusu kilo 1,650 za trela lenye breki. Je, gari langu limetengenezwa imara zaidi? Shemeji anasema watu wa Ulaya wanajitafutia ajali.

Jibu: Gari lako si imara kuliko la dada yako, wala hakuna kitabu kinachodanganya. Kila namba imetolewa kwa kudhani kwamba trela litapakiwa kwa namna fulani na kuvutwa kwa mwendo fulani, na dhana hizo zinatofautiana.

Anza na uzito wa tufe, yaani uzito ambao pua ya trela inaukandamiza kwenye lile tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Marekani desturi ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Uingereza hushauriwa asilimia 5 hadi 7. Ujerumani sheria inadai angalau asilimia 4, lakini haimlazimishi mtu kuzidi kilo 25. Kikomo cha juu huwekwa na mtengenezaji, na kwa magari mengi ya familia kiko kati ya kilo 75 na 100. Sasa piga hesabu. Asilimia 10 ya kilo 794 ni kilo 79. Asilimia 5 ya kilo 1,650 ni kilo 82 na nusu. Kwa hiyo nyuma ya magari yenu mawili inakandamizwa karibu sawasawa. Kilichotofautiana ni ukubwa wa trela lililosimama nyuma ya kilo hizo.

Hesabu hiyo haimalizi maneno. Mmarekani anataka pua nzito kwa sababu trela lenye pua nzito hutulia zaidi kwenye mwendo mkali. Kila trela lina mwendo ambao likiuzidi, mtikisiko mdogo wa upepo au usukani haufifii tena bali unakua kila linapoyumba. Kuongeza uzito mbele ya ekseli kunausogeza mwendo huo juu. Kurundika mizigo mizito kwenye ncha za trela, hasa nyuma, kunaushusha. Ulaya wanafika kwenye usalama uleule kwa njia nyingine: wanapunguza mwendo. Ujerumani gari lenye trela haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa nje ya miji, hata kwenye barabara kuu ambako jirani yako anapita kwa 180. Uingereza ni maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, kwenye barabara kuu, na maili 50 kwenye barabara ya njia moja kila upande. Majimbo mengi ya Marekani hayana kikomo cha peke yake kwa trela, hivyo trela hukimbia maili 70 au 75 pamoja na magari mengine. California ni tofauti, huko ni maili 55. Kati ya kilomita 80 na 120 kwa saa nishati ya mwendo inazidi mara mbili na robo, na breki ndizo zinazopaswa kuimaliza.

Majaribio nayo hayafanani. Ulaya, ili gari likubaliwe kuvuta uzito fulani, lazima liweze kuondoka kutoka kusimama mara tano ndani ya dakika tano kwenye mlima wa asilimia 12, likiwa na trela. Hilo ni jaribio la klachi, giaboksi na mvuto wa tairi. Marekani kuna kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kiitwacho J2807, kilichochapishwa mwaka 2008. Toyota ilikuwa ya kwanza kukifuata. Sehemu yake maarufu ni kupanda mlima wa Davis Dam huko Arizona, maili 11.4, siku ya joto kali, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho, bila mwendo kushuka chini ya maili 40 kwa saa kwa magari yenye tairi moja moja nyuma. Hapo anayepimwa ni rejeta na mafuta ya giaboksi. Zaidi ya hapo wanapima kutoka maili 0 hadi 60 kwa saa ndani ya sekunde 30. Gari dogo linaloweza kutambaa vizuri na kilo 1,650 kwenye mlima wa Ulaya linaweza kuchemka kwenye mlima huo.

Kuna jambo la tatu ambalo ni maoni yetu, si kipimo: mtengenezaji anayeuza pikapu kwenye soko hilohilo hana haraka ya kuandika namba kubwa kwenye kitabu cha gari dogo, hasa pale ambapo mteja akipata ajali kinachofuata ni mahakama. Ulaya mteja huyo hana pikapu ya kukimbilia, kwa hiyo namba ya kuvuta ni sehemu ya tangazo la gari.

Shemeji yako ana haki nusu. Kilo 1,650 zikivutwa kwa kilomita 80, uzito wa tufe ukiwa ndani ya kikomo, breki za trela zikifanya kazi, ni salama kwa kiwango ambacho bara zima limekikubali. Zivutwe kwa maili 75 kwa saa na atakuwa na haki yote. Wala usijaribu kutimiza yote mawili kwa kupakia asilimia 10 kwenye trela la kilo 1,650: hizo ni kilo 165, na tufe la gari lako halikuidhinishwa kuzibeba.

Swali: Niko Colorado. Pikapu yangu inatangazwa kuvuta zaidi ya kilo 4,900. Trela langu limejaa likiwa na kilo 3,600 tu, lakini muuzaji mmoja ameniambia nimepitiliza. Inawezekanaje?

Jibu: Inawezekana kabisa, na kwa pikapu za Marekani hili ndilo kosa la kwanza kabla ya mengine yote. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko cha njano na cheupe kinachotaja uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidi. Tuseme kinasema kilo 700. Trela la kilo 3,600 lenye asilimia 12 kwenye pua linakandamiza kilo 432, na kilo hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari. Zimebaki 268. Toa karibu kilo 40 za chuma cha kuunganishia chenye nondo za springi, kama unacho. Zimebaki 228, yaani watu watatu wazima wa kilo 75 na chupa ya maji. Weka mtu wa nne, mbwa, boksi la vifaa na jenereta kwenye bodi, na muuzaji amekuambia kweli, ingawa injini ingevuta kilo nyingine elfu moja bila kulalamika.

Namba ya tangazo hupatikana kwa gari la toleo fulani, lenye giamkia fulani, bila vikorombwezo vizito. Kibandiko cha mlangoni ni cha gari lako wewe. Nenda kwenye mizani ya malori, pima mara mbili, gari na trela pamoja kisha gari peke yake likiwa na watu wote ndani, ekseli kwa ekseli. Hapo ubishi unakwisha.

Kwa wenzetu wa Ulaya kazi ni rahisi zaidi. Bamba la chesisi lina mistari minne: uzito wa juu wa gari, uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma. Hati ya usajili ina O.1 kwa trela lenye breki na O.2 kwa lisilo na breki. Vitabu vingi vya huko pia vinadai upunguze asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda juu ya usawa wa bahari, jambo ambalo wanaokwenda milima ya Alps huligundua wakiwa njiani.

Swali: Nitapimaje uzito wa tufe nyumbani? Mizani ya bafuni inaishia kilo 130.

Jibu: Kwa trela la Ulaya inatosha. Simamisha trela mahali tambarare, zuia magurudumu, pakia kila kitu kama cha safari. Weka mizani chini ya kikombe cha pua, yaani kile kinacholifunika tufe, juu yake gogo lililokatwa kwa urefu utakaofanya kikombe kikae kwenye kimo kilekile cha tufe la gari. Shusha polepole kwa gurudumu dogo la mbele mpaka liachie ardhi, kisha soma. Kimo kina maana: trela likiinama au kuinua pua, jibu linabadilika, hasa lenye ekseli mbili.

Kwa pua nzito ya Kimarekani tumia wenzo. Chukua ubao mgumu, ncha moja ikae juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, umbali kati ya sehemu hizo mbili uwe sentimita 90. Soma mizani ikiwa na ubao peke yake na uandike. Kisha pua ikalie ubao sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Toa usomaji wa ubao, zidisha kwa 3. Mizani ikiongeza 95, pua ina kilo 285.

Kurekebisha ni hesabu ya darasa la saba. Uzito wa kitu unachosogeza, zidisha kwa umbali uliokisogeza, gawa kwa umbali kati ya tufe na ekseli. Kilo 40 zikisogezwa mbele sentimita 80 kwenye trela lenye mita 4 kati ya tufe na ekseli zinaongeza kilo 8 kwenye pua. Vitu vizito vikae juu ya ekseli na chini sakafuni. Tumia vyepesi kurekebisha. Usitupe tenki la maji nyuma kabisa ili kupunguza pua iliyozidi. Namba itakuwa nzuri na trela litakuwa baya.

Swali: Nimehamia Uholanzi kutoka Marekani. Nimenunua karavani (trela la kulala) ya kilo 1,300, lakini kwenye gari sioni pa kufunga kidhibiti cha breki, na muuzaji ananicheka.

Jibu: Hakuna pa kufunga kwa sababu hakihitajiki. Trela la Marekani lenye breki za umeme lina sumaku ndani ya kila ngoma; kidhibiti kilicho karibu na usukani hupeleka umeme, sumaku hunata kwenye ngoma na kusukuma viatu vya breki. Karavani yako inajifunga yenyewe. Gari linapopunguza mwendo, trela linalisukuma, mkono wa pua unaingia ndani dhidi ya shokapu, na mwendo huo unavuta chuma na kebo mpaka kwenye ngoma. Dereva hana la kufanya.

Ubora wake ni kwamba gari lolote lenye tufe na soketi linaweza kulivuta. Ubaya wake utauona kwenye mteremko mrefu: kila trela linapokusukuma, breki zake zinasugua. Weka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, piga breki kwa nguvu na muda mfupi kisha achia, usikanyage kidogo kidogo kwa kilomita tano. Tazama pia shokapu ya pua. Ikifa, trela litagonga gari kila unapogusa breki, na hendibreki yake haitashika vizuri. Ijaribu hivi: vuta hendibreki ya trela mpaka mwisho, sukuma trela nyuma mpaka mkono wa pua uingie wote, kisha achia. Mkono wa pua urudi nje polepole wenyewe. Ukikwama ndani, shokapu imekwisha.

Ulaya breki zinalazimishwa trela linapozidi kilo 750. Chini ya hapo linaweza kukosa breki, mradi lisizidi nusu ya uzito wa gari. Marekani kila jimbo lina lake: mengi yanaanza kwenye pauni 3,000, kama kilo 1,360, na California inaanza kwenye pauni 1,500. Ndiyo sababu utakuta Marekani trela la tani moja na zaidi halina breki yoyote na liko ndani ya sheria. Hapo tunaona Ulaya wamefanya vizuri zaidi, bila kupepesa.

Waliobaki Marekani na wenye breki za umeme wapime kidhibiti kila mzigo unapobadilika: barabara kavu na tambarare, mwendo wa maili 25 hivi, sukuma mkono wa kidhibiti bila kugusa pedali. Ongeza nguvu mpaka magurudumu ya trela yaanze kukwama, kisha punguza kidogo.

Swali: Je, ninaweza kununua Marekani zile nondo za springi zinazogawa uzito, nizifunge kwenye gari langu la Ulaya?

Jibu: Usifanye hivyo. Nondo zile zinatibu tatizo la pua nzito. Kilo 300 zikikandamiza mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwenye gari lenye mita 3 kati ya ekseli, zinainua kilo 120 kutoka magurudumu ya mbele na kuongeza 420 kwa ya nyuma. Usukani unalegea, taa zinamulika miti. Nondo zinakunja muungano kwa nguvu ili sehemu ya uzito irudi mbele. Kwenye gari lako, kilo 80 zilizo mita moja nyuma ya ekseli zinainua mbele kilo 30 tu, kwa hiyo ugonjwa wenyewe haupo. Halafu chuma cha kuvutia cha Ulaya kiliidhinishwa kwa kuvutwa, kusukumwa na kukandamizwa. Hakikupimwa kwa kukunjwa namna hiyo, na kinaweza kupasuka pale kinaposhikana na bodi.

Ulaya wanaopambana na kuyumba hutumia kikombe chenye pedi zinazolibana tufe ili kuleta msuguano. Ukifunga cha aina hiyo, tufe lisiwe na grisi wala rangi hata chembe. Pedi zikilowa grisi hazishiki tena, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni kelele za mlio kwenye kona.

Swali: Trela likianza kuyumba nikiwa kwenye mwendo, nifanye nini? Kuna anayesema ongeza moto ulinyooshe.

Jibu: Kuongeza moto kunakupeleka zaidi ndani ya mwendo uleule ulioleta tatizo. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usijaribu kuufuata mkia kwa kukata kushoto na kulia, kwa sababu mikono yako itachelewa nusu mpigo na kulisaidia trela. Mwenye kidhibiti cha umeme asukume mkono wa kidhibiti ili breki za trela peke yake zishike. Hilo ndilo jambo ambalo breki za kujifunga za Ulaya haziwezi, na hapa Wamarekani wamewazidi. Gari lenye mfumo wa utulivu wa trela litajifunga lenyewe gurudumu moja moja. Uache mfumo huo ufanye kazi. Ukishasimama, tafuta sababu kabla ya kuendelea: pua nyepesi, tairi yenye upepo mdogo, au mwendo uliozidi mzigo.

Swali: Kile kibandiko cha "100" nyuma ya karavani za Ujerumani kinapatikanaje?

Jibu: Kinaitwa Tempo 100 na kinakuruhusu kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu za huko badala ya 80. Gari liwe na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kukwama wakati wa breki, na lisizidi tani 3.5. Tairi za trela ziwe na umri usiofika miaka 6 na alama ya mwendo L au zaidi, yaani kilomita 120. Karavani yenye breki na shokapu kwenye magurudumu inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 80 ya uzito mtupu wa gari. Ikiongezwa kikombe cha msuguano au kifaa cha kuzuia kuyumba kilichoidhinishwa, inafika asilimia 100. Tairi zikifikisha miaka 6 ruhusa inakufa hata kama kibandiko bado kinang'aa.

Swali: Leseni yangu ya Ulaya ni ya daraja B. Gari lina uzito wa juu wa kilo 2,100, trela 1,500. Vyote vikiwa vitupu havifiki hata tani 2.7. Je, leseni yangu inatosha?

Jibu: Vikiwa vitupu au vimejaa, zinazohesabiwa ni namba za kwenye hati: 2,100 na 1,500 ni 3,600, na daraja B kwa trela linalozidi kilo 750 linaishia 3,500. Unahitaji B96, nyongeza ya daraja B inayofika 4,250, au BE, daraja la kuvuta trela. Uingereza tangu Desemba 2021 wenye daraja B wanavuta trela hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Mmarekani mwenye leseni ya kawaida katika majimbo mengi anaweza kuvuta mpaka gari na trela vifike pauni 26,000, karibu tani 11.8, bila kuulizwa kama amewahi kurudi nyuma na trela hata siku moja. Tofauti hiyo inatushangaza kuliko zote za leo.

Swali: Tufe la inchi 2 na la milimita 50 si ni kitu kimoja?

Jibu: Inchi 2 ni milimita 50.8. Kikombe cha Kimarekani juu ya tufe la Ulaya kinacheza, na kinaweza kuruka kwenye shimo. Kikombe cha Ulaya juu ya tufe la Kimarekani hakishuki mpaka mwisho, ingawa kitasa kinaweza kuonekana kimefunga. Tumia tufe linalolingana na kikombe. Ukiwa hapo tazama na taa, kwani trela nyingi za Marekani hutumia balbu moja kwa breki na indiketa wakati gari la Ulaya linatenga waya hizo, kwa hiyo utahitaji kiboksi cha kuziunganisha kabla ya kuchomeka soketi.